Mgonjwa Huulizwa: Historia ya Umeme katika Tiba ya Viungo

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kwamba mtu anayehitaji msaada haachwi akisubiri maswali, hupewa tu. Methali hiyo ina huruma, na jikoni ina hekima yake. Lakini ikihamishwa kutoka jikoni hadi hospitalini, na bakuli la uji likawa mashine ya umeme, huruma ile yaweza kugeuka kuwa udhalimu.

Katika makala haya, wanafunzi wapendwa, tutafuata safari ya umeme katika tiba ya viungo, ambayo wengi huiita fiziotherapia, tangu samaki wa Roma ya kale hadi vibandiko vidogo vya siku hizi. Tutaona kwamba tiba hii ilikomaa kadiri watu walivyojifunza kuuliza maswali matatu. Je, umeme kiasi gani unatosha? Je, kweli unasaidia? Na je, mgonjwa ameridhia? Maswali mawili ya kwanza ni ya wataalamu zaidi. La tatu ni la kila raia, na ndiyo sababu somo hili limepata nafasi katika masomo yetu ya uraia.

Tuweke jambo moja wazi mapema. Hatuzungumzii hapa ile tiba ya kupitisha umeme kichwani kwa wagonjwa wa akili, iliyoanza Roma mwaka 1938. Hiyo ina historia yake. Sisi tunazungumzia umeme unaopitishwa katika misuli na neva, yaani mishipa ya fahamu, ili kupunguza maumivu au kuamsha kiungo kilicholegea.

Samaki wenye radi

Kabla ya kuwa na waya na betri, binadamu alikutana na umeme majini. Katika Bahari ya Mediterania anaishi aina ya taa, yule samaki bapa, mwenye uwezo wa kupiga umeme. Msimchanganye na taa ya kuangazia: husemwa "taa huyu anaogelea", lakini "taa hii inawaka". Upatanisho wa kisarufi ndio unaotuonyesha ni taa yupi na ni taa ipi.

Mnamo mwaka 47 Baada ya Kristo, tabibu wa Roma aliyeitwa Scribonius Largus aliandika kitabu cha dawa ambamo samaki huyo anatajwa. Kwa maumivu ya kichwa, aliagiza taa hai awekwe mahali panapouma mpaka pafe ganzi. Kwa ugonjwa wa jongo, mgonjwa asimame ufukweni palipolowana na maji ya bahari, akiwa amemkanyaga taa hai, mpaka ganzi ipande kutoka wayo hadi goti. Scribonius hakujua umeme ni nini. Alijua tu kwamba penye ganzi maumivu hupungua.

Afrika nayo ina samaki wake. Kambare wa umeme wa Mto Nile alichorwa katika makaburi ya Misri ya kale, na inakadiriwa kwamba aweza kutoa umeme wa hadi volti 350. Ndugu yake anaishi katika Ziwa Tanganyika, ziwa linalogusa Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Waarabu wa Misri walimpa kambare huyo jina lenye mzizi mmoja na neno lao la ngurumo, na mzizi huohuo ndio uliotupatia neno la Kiswahili "radi". Hata neno "umeme" lilikuwa jina la ule mwanga unaomulika angani wakati wa mvua kabla halijapewa kazi ya kutaja nguvu inayopita katika waya. Lugha ilikuwa imeshaunganisha mbingu na maji kabla wanasayansi hawajathibitisha uhusiano wao.

Chupa, chura na betri

Katika karne ya 18, wataalamu wa Ulaya walijifunza kuzalisha umeme kwa kusugua kioo. Kisha, katika miaka ya 1745 na 1746, Ewald von Kleist nchini Ujerumani na Pieter van Musschenbroek katika mji wa Leiden, Uholanzi, waligundua, kila mmoja kivyake, namna ya kuuhifadhi umeme huo ndani ya chupa. Kifaa hicho kiliitwa chupa ya Leiden. Aliyegusa sehemu zake mbili kwa pamoja alipata mshtuko mkali. Huko Ufaransa, padri Jean-Antoine Nollet alipanga askari 180 wa mfalme wakashikana mikono, akaupitisha mshtuko kwao, nao wote wakaruka kwa pamoja. Mfalme alifurahishwa. Kama askari wenyewe walifurahi, hilo halikuwa swali la siku ile.

Toka kwenye mchezo, watu wakaingia kwenye tiba. Mjini Geneva, Jean Jallabert alimtibu fundi wa kufuli ambaye mkono wake ulikuwa umepooza kwa miaka mingi baada ya pigo la nyundo. Mwaka 1748 alichapisha habari kwamba misuli ya mkono huo ilijikunja ilipopigwa umeme na kwamba nguvu ilianza kurudi. Habari zilienea upesi. Lakini Nollet alipojaribu tiba hiyo kwa askari waliopooza mjini Paris, hakupata matokeo ya kufurahisha namna ile.

Aliyeandika kwa uangalifu zaidi ni Benjamin Franklin wa Marekani. Watu waliopooza walimjia kutoka sehemu mbalimbali za Pennsylvania, naye akawapiga mishtuko kwa chupa kubwa mara kadhaa kwa siku. Katika barua yake ya mwaka 1757 alieleza kwamba siku za kwanza kiungo kilipata joto na mwendo fulani, lakini baada ya siku ya tano hakuona maendeleo zaidi. Wagonjwa walikata tamaa, wakarudi makwao, na hali zao zikarudi zilivyokuwa. Kisha akaongeza wazo ambalo tabibu yeyote wa leo angelipongeza: huenda nafuu ile ya muda ilitokana na mazoezi ya safari ya kila siku kwenda nyumbani kwake, au na moyo waliopewa na matumaini ya kupona. Franklin alikuwa maarufu kwa umeme kuliko mtu yeyote wa zama zake, lakini hakuuongezea sifa ambazo hakuziona. Huo ni uaminifu wa kisayansi.

Mwaka 1791, Luigi Galvani wa Bologna, Italia, alichapisha majaribio yake juu ya miguu ya vyura, iliyorusharusha misuli ilipoguswa kwa metali. Alidhani mnyama ana umeme wake mwilini. Mwenzake, Alessandro Volta, alibisha akisema umeme ule ulitokana na metali mbili tofauti. Katika kubishana huko, Volta akaunda betri ya kwanza, iliyotangazwa mwaka 1800. Baadaye ilibainika kwamba kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya ukweli: betri hutoa umeme, na neva za mwili nazo hufanya kazi kwa umeme. Mwaka 1831, Michael Faraday wa Uingereza akagundua jinsi ya kuzalisha umeme kwa sumaku na waya.

Hivyo matabibu wakawa na mikondo miwili. Mmoja ulitiririka bila kukatika, ukapewa jina la Galvani. Wa pili ulikuja kwa mapigo mafupi yanayofuatana, ukapewa jina la Faraday. Tofauti hiyo ilikuwa na faida kubwa. Msuli ambao neva yake ni nzima huitikia hata mapigo mafupi sana. Msuli uliokatikiwa na neva hauyaitikii hayo. Huhitaji mkondo wa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo umeme ulianza kutumika kwa uchunguzi pia: uliweza kumwonyesha daktari kama neva ilikuwa hai au la.

Duchenne na swali la kiasi

Mtu aliyeipa tiba hii nidhamu ni Guillaume Duchenne, mzaliwa wa Boulogne, Ufaransa. Alizunguka katika hospitali za Paris akiwa na mashine yake, akichunguza wagonjwa ambao wengine walikuwa wamewakatia tamaa. Mwaka 1855 alichapisha kitabu juu ya kuelekeza umeme mahali mahususi. Badala ya kuutikisa mwili mzima kwa mshtuko, alitumia elektrodi mbili, yaani ncha za kupitishia umeme, zilizoloweshwa maji. Ngozi kavu huzuia umeme, na ngozi yenye unyevu huupitisha. Kwa njia hiyo aliweza kuamsha msuli mmoja mmoja bila kuuchoma mwili wala kuupasua, akachora ramani ya kazi ya misuli ya binadamu.

Mwaka 1862 alitoa picha maarufu za nyuso zilizokunjwa kwa umeme ili kuonyesha furaha, hofu na huzuni. Mzee mmoja anayeonekana katika picha nyingi alikuwa na uso uliokuwa karibu kupoteza hisia, hivyo hakuumia kama ambavyo mtu mwingine angeumia. Twaweza kusema kwamba hapo swali la kiasi, na swali la maumivu ya anayetibiwa, yalianza kushughulikiwa. Wataalamu wa leo hulowesha sifongo au hutumia vibandiko vyenye utelezi kwa sababu ileile aliyoitambua Duchenne.

Kipya kinyemi

Kila elimu yenye faida huvuta pia matapeli. Mnamo mwaka 1780, James Graham alifungua mjini London jumba aliloliita Hekalu la Afya. Baadaye alikodisha kitanda cha umeme na sumaku, akiwaahidi wenye fedha kwamba wangepata watoto. Kufikia miaka ya 1850, minyororo ya betri iliyotengenezwa na Isaac Pulvermacher ilikuwa ikiuzwa katika nchi nyingi. Mtu aliuloweka mnyororo katika siki, akauvaa mwilini, akahisi mchomo mdogo, akaamini anapona. Matangazo ya magazeti yalitaja magonjwa mengi mno, na mikanda ya umeme ya kila namna ikafuata.

Minyororo hiyo ilivuma hata ikaingia katika fasihi. Gustave Flaubert, katika riwaya yake ya Madame Bovary, anamvisha mnyororo wa Pulvermacher mfamasia Homais, mhusika mwenye majivuno anayependa kila jambo lenye jina la maendeleo. Waswahili tungesema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mkanda ulikuwa mpya, uling'aa, ulichoma kidogo. Ni nani angethubutu kuuliza kama kweli ulimponya mtu?

Hapa ndipo swali la pili, lile la ushahidi, lilipohitajika. Likaja pamoja na swali la uadilifu wa kazi. Nchini Uingereza, mwaka 1894, wanawake wanne waliokuwa wauguzi waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa, wakati ambapo jina la kazi hiyo lilikuwa limechafuliwa na nyumba zilizojiita za kukanda huku zikifanya biashara nyingine. Waliweka mitihani na kanuni za mwenendo. Chama hicho kilipata hati ya kifalme mwaka 1920, na mwaka 1944 kikachukua jina la tiba ya viungo linalotumika hadi leo. Umeme ulikuwa umetoka mikononi mwa wauza mikanda, ukaanza kuingia mikononi mwa watu waliosomea kazi na waliowajibika mbele ya wenzao.

Vita na swali la ridhaa

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918, ilileta majeruhi wengi kuliko hospitali zilivyowahi kuona. Nchini Uingereza kiliundwa kikosi cha wakandaji cha Almeric Paget, ambacho wanawake wake waliwahudumia askari kwa kukanda, kwa mazoezi na kwa umeme. Kwa askari ambaye risasi ilikuwa imejeruhi neva ya mkono wake, mkondo mpole wa umeme pamoja na mazoezi vilikuwa sehemu ya matumaini ya kurudi kwenye jembe au kwenye karakana.

Lakini mashine hizohizo zilikuwa na upande wa pili. Askari wengi walirudi kutoka mahandakini wakitetemeka, wakiwa mabubu, au migongo yao ikiwa imepinda bila jeraha lililoonekana. Leo tungesema kwamba akili zao zilijeruhiwa na vita. Wakati ule majeshi yalitaka warudi vitani upesi. Mwaka 1916 daktari Mjerumani Fritz Kaufmann alieleza njia ya kutumia umeme mkali pamoja na amri za kijeshi. Mjini London, Lewis Yealland alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1918 jinsi alivyomfungia askari bubu chumbani na kumpitishia umeme kooni kwa saa kadhaa mpaka akasema. Huko Vienna, baada ya vita, tume ilichunguza malalamiko dhidi ya Julius Wagner-Jauregg kuhusu tiba ya namna hiyo. Sigmund Freud aliitwa mwaka 1920 kutoa maoni ya kitaalamu. Daktari huyo hakupatikana na hatia, lakini jambo lilikuwa limetoka gizani.

Kesi inayotufaa zaidi kama raia ilitokea Ufaransa. Katika mji wa Tours, daktari Clovis Vincent alitumia mkondo mkali, na tiba yake ikaitwa "torpillage". Neno hilo linatokana na jina la Kifaransa la yule samaki taa wa umeme, ambalo pia ni jina la bomu la baharini. Tazameni jinsi lugha inavyohifadhi historia: samaki wa Scribonius, aliyekanyagwa ufukweni na mgonjwa aliyetaka kupona, sasa jina lake lilitaja kitu ambacho askari walikiogopa kama adui.

Mwezi Mei 1916, askari mmoja aliyeitwa Baptiste Deschamps, ambaye mgongo wake ulikuwa umepinda, aliikataa tiba hiyo. Daktari alipomkaribia na elektrodi, Deschamps alimpiga ngumi. Alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kumpiga mkubwa wake, kosa ambalo wakati wa vita lilikuwa zito sana. Magazeti yaliichukua kesi, na nchi nzima ikajadili swali ambalo halikuwa limeulizwa kwa sauti kubwa kiasi hicho: je, askari ana haki ya kukataa tiba? Au mwili wake ni mali ya serikali mpaka vita viishe? Mwezi Agosti mahakama ilimtia hatiani, lakini ikampa adhabu ya kifungo cha miezi sita bila kwenda gerezani. Kwa sheria alishindwa. Kwa macho ya wengi hakushindwa.

Tusiwahukumu madaktari wale wote kama wanyama. Baadhi yao waliamini kwa dhati kwamba wanaponya, na baadhi ya askari walisimama na kutembea kweli baada ya tiba. Lakini swali la ridhaa ni tofauti na swali la nafuu. Mtu anayesema ili mateso yakome hajaponywa kwa hiari yake. Baada ya vita vya pili, Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotokana na kesi ya madaktari wa Kinazi, ziliweka ridhaa ya hiari kuwa sharti la kwanza la majaribio kwa binadamu. Taratibu wazo hilo likaenea hadi kwenye tiba ya kawaida.

Mgonjwa ashika kitufe

Nusu ya pili ya karne ya 20 ilileta umeme mpole zaidi. Mwaka 1961, Wladimir Liberson na wenzake nchini Marekani walieleza kifaa cha watu waliopatwa na kiharusi ambao wayo wao huburuta chini wanapotembea. Swichi iliwekwa chini ya kisigino. Mgonjwa alipouinua mguu, swichi iliamuru umeme upite katika neva iliyo karibu na goti, wayo ukainuka, naye akapiga hatua. Hapo umeme haukuwa adhabu wala maonyesho. Ulifuata mwendo wa mgonjwa mwenyewe.

Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walichapisha nadharia ya mlango wa maumivu. Walisema kwamba katika uti wa mgongo kuna kitu mithili ya mlango. Habari za mguso zikipita kwa wingi, mlango hujifunga kiasi, na habari za maumivu hupungua kabla hazijafika kwenye ubongo. Ndiyo maana mtoto akijigonga kiwiko hukisugua bila kufundishwa na mtu. Mwaka 1967, Wall na William Sweet walijaribu kuufunga mlango huo kwa umeme. Kabla ya kuwapa wagonjwa, walijipitishia wao wenyewe umeme katika neva za uso ili wajue unavyohisiwa.

Kutokana na wazo hilo, katika miaka ya 1970 vikaenea vifaa vidogo vya betri vinavyopitisha mapigo mepesi ya umeme kwenye ngozi. Mgonjwa hubandika vibandiko karibu na mahali panapouma, kisha yeye mwenyewe huongeza au kupunguza nguvu kwa kitufe. Jambo hili dogo lina uzito mkubwa katika hadithi yetu. Miaka 50 hivi baada ya Deschamps, kidole kinachoamua kiasi cha umeme kilikuwa cha yule anayeumia. Mwenye kuvaa kiatu ndiye ajuaye mahali kinapombana.

Mashine si ushahidi

Hata hivyo, kuwa mpole si sawa na kuwa na faida, na swali la pili halijaondoka. Mwaka 1977, mtaalamu wa Umoja wa Kisovieti, Yakov Kots, alieleza mjini Montreal jinsi mkondo unaopiga mara 2,500 kwa sekunde ulivyoongeza nguvu za misuli ya wanamichezo kwa hadi asilimia 40. Ulimwengu ulishangaa, mashine zikauzwa. Watafiti waliofuata hawakuweza kuyapata tena kwa ukamilifu matokeo hayo, ingawa waliona kwamba umeme waweza kuusaidia msuli uliodhoofika, kwa mfano baada ya upasuaji wa goti.

Nchini Uingereza, taasisi ya serikali inayopima ubora wa tiba, NICE, imetoa mifano miwili inayofaa kulinganishwa. Mwaka 2009 ilikubali kwamba kuna ushahidi wa kutosha kuhusu usalama na manufaa ya kifaa cha kuinua wayo kwa wagonjwa wa aina fulani. Ni wazo lilelile la Liberson. Lakini mwaka 2016, katika mwongozo wake kuhusu maumivu ya kiuno, iliwashauri watoa huduma wasiwape wagonjwa hao vile vifaa vya vibandiko, wala baadhi ya mikondo mingine, wala mawimbi ya sauti yasiyosikika. Badala yake ilisisitiza mazoezi na kuendelea na shughuli za kawaida.

Maana yake si kwamba umeme ni uongo. Maana yake ni kwamba swali "je, umeme unatibu?" ni pana mno. Swali sahihi ni hili: umeme wa namna gani, kwa ugonjwa gani, kwa mgonjwa yupi, na ukilinganishwa na nini? Umeme unaomwinua wayo mgonjwa wa kiharusi huenda usiwe na faida kwa mkulima anayeumwa kiuno. Franklin aliliona hilo mwaka 1757, alipojiuliza kama nafuu ilitoka kwenye chupa yake au kwenye miguu ya wagonjwa waliotembea kuifuata.

Nasi katika nchi zetu

Katika Afrika Mashariki pia, mikondo hii hutumika katika vyumba vya tiba ya viungo. Kwa hiyo maswali yetu matatu si ya watu wa mbali. Kenya, kwa mfano, ilitunga Sheria ya Wataalamu wa Tiba ya Viungo mwaka 2014, inayotaka anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa. Sheria yake ya Afya ya mwaka 2017 inasema kwamba huduma ya afya haitolewi bila ridhaa ya mgonjwa aliyefahamishwa, isipokuwa katika hali zilizotajwa, kama vile dharura. Uganda ilitoa Hati ya Haki za Wagonjwa mwaka 2009, yenye haki ya kufahamishwa na haki ya kukataa tiba.

Sheria, hata hivyo, hulala kitabuni mpaka raia aiamshe. Mgonjwa anayelazwa kitandani na kubandikwa vibandiko ana haki ya kuuliza: Kifaa hiki ni cha kazi gani? Nitahisi nini? Je, kuna tiba nyingine, kama vile mazoezi? Naye ana wajibu wa kusema ukweli, hasa kama ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kama ni mjamzito, au kama sehemu inayotibiwa haina hisia, kwa kuwa ngozi isiyohisi yaweza kuungua bila mwenyewe kujua. Mtaalamu mwema haudhiki kwa maswali hayo. Yeye ndiye wa kwanza kuuliza, kwa sababu neno la mgonjwa, "hapo panatosha", ni kipimo ambacho mashine haina.

Wazee wetu mara nyingi huona haya kumuuliza daktari. Husema, "Yeye ndiye aliyesoma." Heshima hiyo ni nzuri, lakini kuuliza hakuivunji. Kijana anayemsindikiza bibi yake hospitalini aweza kuuliza kwa niaba yake, kwa adabu, kisha akamweleza kwa lugha anayoielewa. Huo nao ni uraia, na Kiswahili mnachojifunza kina kazi ya kufanya hapo: neno la kitaalamu lisiloeleweka ni mlango uliofungwa, na mwenye lugha ndiye mwenye ufunguo.

Basi tuiache methali ya uji mahali pake, palipo na chungu, mwiko na upendo wa nyumbani. Hospitalini tuseme kwamba mgonjwa huulizwa, huelezwa, na husikilizwa.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mwandishi anamsifu Franklin ingawa tiba yake haikuwaponya wagonjwa?
2. Je, mahakama ilimtendea haki Baptiste Deschamps? Toeni hoja za pande mbili.
3. Elezeni tofauti kati ya "mgonjwa ametii" na "mgonjwa ameridhia".
4. Tungeni mazungumzo mafupi kati ya mjukuu, bibi na mtaalamu wa tiba ya viungo kabla ya matibabu ya umeme. Tumieni lugha ya heshima.